Ndagala Kwenye Viti vya Wakubwa

Meli ya wageni ilipopiga honi ya mwisho na kuelekea Kigoma, Uvira nzima ilikuwa imejaa ufukweni ikipunga mikono, isipokuwa mtu mmoja. Mama Émérance alikuwa amekwisha kuwapa wageni mgongo. Alisimama ameshika kiuno, kitunga cha ndagala mbichi, wale dagaa wa ziwa, kiko miguuni pake, macho yote kwenye tribini, jukwaa la kutazamia mpira. Wageni wamekwenda, na lile jumba la mbao lilikuwa bado limekalia mchanga wake.

Huo ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa 1963. Jana yake Kombe la Ziwa lilikuwa limekwisha. Nchi zote nne zinazokunywa maji ya Ziwa Tanganyika zilileta timu: Kigoma walikuja, Bujumbura walikuja, Mpulungu walikuja kutoka kule kusini kabisa, na Uvira ndiyo iliyowapokea. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na kwa Mpulungu ulikuwa bado njiani, kila mji unataka kuonyesha kwamba unaweza, na Uvira ilionyesha. Timu yake ilishika nafasi ya tatu. Ndiyo, ya tatu kwa timu nne, lakini usimwambie hivyo mtu wa Uvira, atakueleza habari za yule refa mpaka bugali upoe.

Basi, mji uliomaliza kuringa una kazi ya kujipangusa. Matao ya matawi ya michikichi yaliliwa na mbuzi kabla jua halijatua. Vitambaa vya bendera vilivyofungwa njia nzima vikageuka kaptula za watoto. Kina mama wa mtaa wa Nyamianda, waliokuwa wamelaza wachezaji majumbani mwao, waliendelea kupika masufuria makubwa kwa mazoea, halafu wanatazamana na waume zao, nani atakula vyote hivi? Vijana wote walikuwa wakitembea kwa kuchechemea kidogo, kwa sababu winga wa Kigoma alitembea hivyo, na wasichana walimpenda. Masista wa misheni walizunguka nyumba hadi nyumba wakidai mabenchi yao.

Hayo yote yalimpita Mama Émérance. Yeye alitaka kitu kimoja tu, mchanga wake.

Watu wengine wataona mchanga ni mchanga. Hao hawajawahi kukausha ndagala. Pale Nyamianda palikuwa na kipande cha ufuko kilicho bapa, kisicho na kivuli wala mawe, upepo wa ziwa unakipitia tangu asubuhi, na ng'ombe hawafiki. Mama mkwe wake ndiye aliyemwonyesha pale alipokuwa bibi arusi. Alikausha pale ujana wake wote, alikausha mume akiwa hai, akaendelea kukausha mume alipofariki. Komite ya Kombe ilipotafuta mahali pa kujenga tribini, ikachagua palepale, maana uwanja wa mpira ulikuwa mbele yake na ziwa nyuma, na wakubwa wapate upepo mzuri. Majuma yote ya mashindano Émérance alihamishiwa kwenye mlango wa kijito, penye majimaji na mbuzi. Nusu ya samaki wake walioza. Mwezi mwingine kama ule, na asingekuwa na la kupika wala la kuuza.

Na aliyemhamisha hakuwa mtu baki. Alikuwa Gaspard, mdogo wa marehemu mume wake, karani wa biro ya teritwari, ofisi ya wilaya, na prezida wa komite ya Kombe. Cheo hicho alikipenda jamani! Ukimwita Gaspard, haitiki. Ukimwita Prezida, anaitika kabla hujafunga mdomo. Alikuwa amemwapia Émérance kwa kaburi la kaka yake kwamba mashindano yakiisha, siku ileile, tribini inabomolewa.

Sasa huyo anakuja, na tai yake, na utepe wa komite bado uko kifuani.

"Gaspard, nyundo iko wapi?"

"Nyundo ya nini, shemeki?"

"Ya kubomolea. Mashindano yamekwisha. Meli ile kule. Bomoa."

Gaspard alisafisha koo. Alipoanza kusafisha koo, Émérance alijua kwamba kuna jambo.

"Shemeki, iko namna hii. Komite imekaa, ikaona tribini itabaki. Kombe litarudi siku moja. Mji mukubwa hauwezi kukosa tribini. Ata Bujumbura hawana kama hii."

"Na ndagala zangu?"

"Ndagala zitatafuta fasi ingine."

"Ala!" Émérance alipiga makofi mara moja, akaangalia huku na huku atafute shahidi. "Munasikia? Ndagala zitatafuta! Weye Gaspard, ni ndagala gani zilikununulia viatu vya kwenda masomo? Si hizi? Kaka yako alivua, minye nikakausha, weye ukasoma. Leo umevaa tai, unaziambia zitafute fasi ingine?"

"Shemeki, usipige kelele, watu wanaangalia."

"Waangalie! Si ndiyo maana ulijenga tribini, watu wakae waangalie?"

Watu wakacheka. Gaspard akaondoka kwa hatua za mkubwa aliye na kazi nyingi bironi, na Émérance akabaki na kitunga chake. Ahadi ya kaburi! Hilo ndilo lililomuuma kuliko mchanga wenyewe.

Lakini Émérance hakuwa mtu wa kulia akanyamaza. Kesho yake asubuhi makarani wa biro ya teritwari walifika kazini wakakuta ndagala wametandazwa uani, kuanzia ngazi mpaka mlingoti wa bendera. Mwanamke mwenyewe amekaa pembeni kwenye kigoda, anageuza samaki kwa fimbo, anaamkia kila anayepita kwa adabu zote. Wakamwambia aondoke. Akasema anatafuta fasi ingine, kama alivyoambiwa na Prezida. Siku iliyofuata alikuja na wenzake wa Nyamianda, kila mmoja na kitunga chake. Nzi wakafuata. Paka wa mtaa mzima wakafuata. Harufu ikaingia madirishani, ikakaa kwenye makaratasi, ikapanda mpaka ofisi ya mkubwa wa Gaspard, mzee mmoja mpole ambaye hakupenda ugomvi.

"Bwana Gaspard," yule mkubwa alisema, kitambaa kiko puani, "chagua. Ama tribini yako, ama pua yangu."

Gaspard akachagua. Ijumaa jioni alifika kwa Émérance uso umemshuka, akakataa kukaa, akakataa bugali, akakataa hata maji. Alisema kwa sauti ndogo kwamba Jumatatu tribini itabomolewa, na mbao zitapelekwa Luberizi wakajengee ghala la mpunga. Émérance alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani mkwe wake amejifungua.

Mkwe wenyewe alikuwa Honorine, mke wa mwanawe Cyprien aliyekuwa mvuvi. Alikuwa na mimba kubwa, ya kufika mbele yake kabla hajafika mwenyewe. Sasa kazi ya ndagala, kwa asiyeijua, ni kazi ya kuinama. Unainama kuwatandaza, unainama kuwageuza, unainama kuwakusanya. Honorine alikuwa amefika mahali ambapo akiinama, kuinuka ni mpaka aitwe mtu. Jumamosi asubuhi Émérance alipofika ufukweni alimkuta amesimama wima mbele ya tribini, amestarehe kabisa, anatandaza ndagala juu ya viti.

Viti vyenyewe vina habari yake. Mbao ziliishia kwenye nguzo na ngazi, komite ikawa haina la kukalisha watu. Ikabidi waagize mianzi kutoka milima ya Mulenge, wakaipasua, wakaifunga kwa kamba, kati ya mwanzi na mwanzi pana nafasi ya kupita kidole. Siku ya fainali mianzi ile iliwafinya wakubwa matako, wengine wakashangilia kwa kuruka hata pasipo na goli. Viti vya juu tu ndivyo vilivyokuwa na paa la mabati.

"Honorine! Ndagala hizi zinangojea nini? Zinangojea mupira uanze?"

"Mama, siwezi kuinama. Mutoto anakataa."

"Ndagala inakauka kwenye mchanga. Mchanga unapata moto chini, jua linapata moto juu. Ndivyo tulivyofundishwa. Hapo juu zitaoza."

"Zikioza nitakula mwenyewe, Mama."

Émérance aliguna. Jumatatu yote yatakuwa yamekwisha, kwa nini agombane na mwanamke mzito? Akatafuta kipande cha mchanga mbele ya ngazi, akatandaza wake chini, kama watu wenye akili.

Jioni ya siku ya pili Selemani akaja. Huyu alikuwa mnunuzi, mjukuu wa wale waliokuja Uvira zamani kwa biashara za ziwa, mtu wa kofia safi na maneno machache, mwenye kamio, lori lililopeleka ndagala Bukavu. Na Selemani alikuwa na namna yake ya kununua. Hakutazama samaki, hakunusa. Alichukua mmoja, akamtia mdomoni, akatafuna amefumba macho. Wauzaji wote wanasubiri. Kisha anatema mchanga. Akitema kidogo, bei nzuri. Akitema sana, mwanamke anaanza kujitetea. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku zote, na hakuna aliyewahi kumwona Selemani asiteme.

Alitafuna wa Émérance. Akatema mara moja tu, kwa adabu, kwa sababu Émérance alikuwa hodari na mchanga wake ulikuwa mdogo kuliko wa wote. Émérance akatabasamu, akawatazama wenzake. Kisha Selemani akapanda ngazi ya tribini, akachukua mmoja wa Honorine.

Akatafuna. Akatafuna. Wanawake wakangoja ateme. Akafungua jicho moja, akalifunga. Akameza.

"Subhanallah," alisema. Akachukua mwingine, akameza na huyo. "Nani alikausha hizi?"

"Ni minye, baba," alisema Honorine, akishika mgongo.

"Hazina mchanga. Hazina ata punje! Nazichukua zote. Na kesho kama ziko, nazichukua. Watu wa Bukavu tangu tupate uhuru meno yao yamekuwa ya kizungu, hawataki kusikia mchanga tena."

"Na zangu?" Émérance aliuliza.

Selemani alikohoa kidogo. "Zako nitachukua, mama. Kwa heshima."

Kwa heshima! Afadhali angemtukana. Émérance alipokea bei yake, akakaa kwenye ngazi ya chini ya ile tribini mpaka wenzake wote walipoondoka. Aliona aibu, aliona na wivu, tena wivu juu ya mkwe wake mwenyewe ambaye hakufanya lolote ila kushindwa kuinama. Miaka yote ile amewauzia watu mchanga, wakaula, wakatema, wakamwita hodari! Mwishowe aliinua mkono, akachukua ndagala mmoja aliyebaki kwenye mwanzi, akamtafuna polepole. Alikuwa mtamu, na meno hayakukwaruza kitu. Émérance akaanza kucheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekamatwa, mpaka machozi yakamtoka. Halafu kicheko kikakatika, maana alikumbuka kwamba kesho ni Jumatatu.

Jumatatu Gaspard alifika na mafundi, nyundo na mitaimbo begani. Alikuwa amevaa tai nyeusi. Alikuta viti vyote, kuanzia chini mpaka juu, vimejaa ndagala, na juu kabisa, pale alipokaa mgeni wa heshima siku ya fainali, amekaa Mama Émérance.

"Shemeki, shuka. Mafundi wanangoja."

"Waambie warudi nyumbani."

"Namna gani?"

"Tribini ibaki."

Gaspard alimtazama, akawatazama mafundi, akamtazama tena. Mishipa ya shingo ikamtoka. "Tribini ibaki? Weye Émérance! Umenifanya kichekesho bironi! Makarani wananiita Prezida wa Nzi! Juma zima sikulala, nimelia kama mutoto juu ya tribini hii, leo unaniambia ibaki? Apana! Mafundi, vunjeni!"

"Gaspard, ngoja."

"Singoji!"

"Minye nilikosea."

Nyundo ya kwanza ilikuwa imekwisha kuinuliwa, ikabaki juu. Hapana mtu pale Nyamianda aliyewahi kusikia maneno hayo yakitoka kinywa kile. Hata marehemu mumewe alikufa bila kuyasikia.

"Unasema nini?" Gaspard aliuliza, ingawa alikuwa amesikia vizuri sana.

"Nasema nilikosea. Ndagala zinakauka hapa kuliko mchangani. Zinapata upepo chini na juu. Selemani alimeza. Nilipigana na weye juu ya mchanga, na mchanga ndio ulikuwa adui yangu. Sasa nimesema, unataka nipige magoti na samaki wamejaa magotini?"

Gaspard alijaribu kuendelea kukasirika, lakini midomo ilimsaliti pembeni. "Sema tribini ni nzuri."

"Ni nzuri."

"Kwa sauti. Mafundi hawakusikia."

"TRIBINI NI NZURI!"

"Sema Prezida aliona mbali."

"Gaspard, usizidishe."

Watu wote wakacheka, na yeye akacheka, akavua ile tai ya msiba akaitia mfukoni. Wakapatana palepale: siku ya mpira tribini ni ya watu, siku nyingine zote ni ya ndagala. Mkubwa wa biro hakuwa na neno, mradi pua yake imesalimika. Ghala la mpunga la Luberizi lilijengwa kwa miti mingine, na wala hakuna aliyekufa.

Basi hapo ndipo Uvira ilipoanza kula matunda ya Kombe lake. Bukavu waliwajua ndagala wa tribini kwa jina. Masika yalipoingia, na wanawake wa fuko nyingine wanakimbizana na vitunga kila wingu linapotanda, wale wa Nyamianda waliwasukuma samaki tu mpaka viti vya juu, chini ya mabati, wakakaa wakasukana nywele mvua ikinyesha. Honorine akajifungua binti mwenye mapafu ya mtangazaji. Siku za mpira mashabiki waliondoka uwanjani suruali zikinuka samaki, na waliokosa tiketi walijulikana kwa kunuka sabuni. Gaspard alipita kila jioni kutoka kazini, anagusa nguzo, anakaza kamba iliyolegea. Alisema anakagua. Ukweli ni kwamba aliipenda ile tribini, na hakuna la kumfanya mtu anayependa.

Mwaka wa sitini na nne, mwezi wa tano, uasi ukashuka bonde la Ruzizi. Habari zilitangulia: wapiganaji wanakuja, wana mikuki, wana bunduki chache, na wana dawa ya kuchanja, ya kugeuza risasi kuwa maji. Wanatafuta watu wa serikali, na karani kwao ni serikali tosha. Wakubwa wa Uvira walivuka kwenda Bujumbura, mkubwa wa Gaspard kati yao, na kitambaa chake cha pua. Gaspard alifika mpaka kwenye mtumbwi, akageuka akarudi.

"Una wazimu?" Émérance alimuuliza. "Wenzako wote wamekwenda!"

"Nikienda, nani atachunga tribini? Wataigeuza kuni."

Émérance alimpa vidonge vyake, akamwita hamnazo, akamwita mbuzi wa Kombe, lakini muda wa kugombana haukuwepo. Alimvua tai, akamvua viatu, akampa singlendi iliyotoboka ya kaka yake, akamtwika kitunga cha ndagala kichwani. "Weye ni mutumishi wangu. Ukiulizwa, weye ni bubu."

Wapiganaji waliingia mchana kweupe, majani kichwani, wakipita katikati ya njia kwa mstari. Walikuwa vijana, wengi wao wamepewa dawa juzi tu, na waliishika miiko yake kwa hofu yote. Mwiko mkubwa ulijulikana mji mzima: aliyechanjwa asiguswe na mwanamke, hata kwa ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga. Akiguswa, dawa imekufa, na risasi haitageuka maji tena. Wakiona mama anakuja upande wao, wanaume wazima wenye mikuki walivuka mtaro.

Kiongozi wao, kijana mwenye sauti iliyokauka kwa kupiga kelele, alisimama uwanjani mbele ya tribini.

"Hapa ndipo wakubwa walikaa, wananchi wakasimama juani! Tutaichoma!"

Wanawake walikuwa juu wakikusanya samaki wao haraka haraka. Émérance aliwaambia neno moja tu.

"Kaeni."

Wakakaa. Safu zote, kuanzia chini mpaka juu, vikwembe vimejaa mianzi, Honorine na mtoto wake mgongoni.

"Shukeni!" kiongozi aliamuru.

"Tushushe," Émérance alijibu.

Hakuna aliyesogea. Wapiganaji walitazamana. Kijana mmoja aliinua mguu kuelekea ngazi, mama mmoja akanyoosha mkono kama anayetaka kumsaidia kupanda, kijana akarudi nyuma mbiombio.

Kiongozi akabadili maneno. "Basi tutamchukua aliyeijenga. Jina lake tunalijua. Prezida wa komite iko wapi?"

Gaspard alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, chini ya kitunga chake. Ndagala walikuwa wanamdondokea mabegani. Na Mungu wangu, mazoea ni kitu kibaya! Kusikia "Prezida" tu, shingo ikanyooka, mdomo ukafunguka. Émérance aliuona ule mdomo ukifunguka, akauwahi.

"Prezida ni minye!" alipaza sauti.

"Weye mwanamke?"

"Minye. Kwani samaki hizi ni za nani? Nani anakaa kiti cha juu? Uliza Nyamianda nzima. Unatafuta Prezida? Basi nakuja. Njoo unifunge."

Akashuka ngazi, mikono miwili mbele, magamba yanang'aa mpaka viwikoni. Kiongozi akarudi hatua moja. Émérance akaongeza moja. "Nifunge, mwanangu. Kamba iko wapi?" Akarudi mbili. Wenzake nyuma yake wakarudi tatu, maana hakuna aliyetaka kusukumwa akamgusa. Mama akaenda, jeshi likarudi. Wakavuka mstari wa katikati ya uwanja, kiongozi akipiga kelele "Simama hapo, mama! Simama, nakuheshimu!", naye mama akisema "Nifunge tu, niko tayari", mpaka wapiganaji wakaingia wote kwa mgongo kati ya miti miwili ya goli.

Kule kwenye tribini mtu akashindwa kujizuia. Inasemekana ni Honorine, yeye anakana.

"GOLIII!"

Tribini nzima ikalipuka. Wanawake waliruka, walikumbatiana, walipiga vigelegele vilivyosikika mpaka ziwani. Mpiganaji mmoja aliachia kicheko, akaziba mdomo kwa mkono, halafu wa pili, wa tatu. Kiongozi mwenyewe alikuwa mtu mzima kiasi cha kujua kwamba jeshi likicheka, kazi ya siku hiyo imekwisha. Akajikusanya, akainua mkuki wake.

"Kuanzia leo," akatangaza, "kiti hiki ni cha wananchi! Hakuna mukubwa atakikalia tena!"

"Aksanti, mwanangu," alisema Émérance. "Wananchi ni sisi."

Wakaondoka kwa mstari wao kuelekea kusini, wakiimba. Aliwasindikiza kwa macho mpaka majani ya vichwani mwao yakapotea njiani.

Kisha alikaa palepale golini, kwenye vumbi, Gaspard anamkimbilia na kitunga bado kiko kichwani.

"Shemeki! Shemeki, umeiokoa! Umeiokoa tribini!"

Émérance alimnasa kibao. Halafu akamshika kichwa kwa mikono yake miwili ya magamba, akaanza kulia kwa sauti, hajali nani anamwona.

"Mujinga weye! Tribini ni miti! Wangechoma, ningerudi mchangani, Selemani angetema, tungeishi. Weye ningekutoa wapi? Milima gani inaotesha mutu kama weye?"

Gaspard alitua kitunga, akakaa vumbini karibu naye, akamwachia amshike hivyo hivyo, na wote wawili wakanuka samaki.